Miti ya Ua ya Mzee Orville

Arvella Goertzen alimzika mumewe Merle mwezi wa tatu, na kabla majani hayajachipua alikuwa ameshakata shauri: shamba liuzwe, amchukue baba mkwe wake wahamie Wichita kwa dada yake. Mzee Orville alikuwa amepooza, mikono haimtii, ila ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wa mtu yeyote pande zile za Kansas.

Mnunuzi akaja, akatazama, akarudi garini.

"Mama, hili si shamba. Hili zizi la miiba."

Hakukosea. Babu yake Orville ndiye aliyepanda miti ya ua pande zote, kabla waya wa seng'enge haujafika, izuie ng'ombe. Ng'ombe waliuzwa zamani. Miti ikabaki, ikatanuka, ikala malisho, na kila mwaka baridi ikikaribia ikaangusha matunda yake ya kijani, makubwa kama ngumi mbili, yenye mikunjo kama ubongo na utomvu unaonata. Hata nguruwe waliyapita. Tangu harusi Merle alikuwa akisema ataikata.

Arvella akashika msumeno wa injini mwenyewe. Mti ule ni chuma. Kila jioni alinoa meno, na kila jioni alichomoa miiba iliyopenya glavu. Kuni za kwanza alizitia kwenye meko ya sebuleni. Zikarusha cheche mpaka zulia likatoboka.

Jirani yake Dwight Pankratz akacheka. "Shemeji, unataka kuchoma nyumba? Kuni hizo zinataka jiko lenye mlango. Nipe mimi nizifanye nguzo. Babu yangu alichimbia nguzo za mti huu. Yeye kaoza, zenyewe bado zimesimama!"

Nguzo zikaenda kwa Dwight. Matunda wakayachukua akina mama wa kanisani, wayaweke ghalani yafukuze buibui.

"Yanafukuza kweli?" Arvella akauliza.

"Hatujui, dada. Lakini yananukia vizuri."

Halafu akaja Everett, Mwosage, wa wenyeji wa asili wa Amerika, kutoka Oklahoma, mchonga pinde. Alipapasa shina moja lililonyooka kama anayempapasa farasi.

"Huu upinde," akasema.

"Mimi naona miiba tu."

"Wazee wetu walifunga safari kuufuata mti huu. Nyinyi mkaufanya ukuta."

Arvella akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Majani yalipoanza kupukutika, upande wa kaskazini ulikuwa wazi. Mnunuzi akarudi, akapenda. Arvella akapeleka habari chumbani pamoja na bakuli la supu.

"Nani kakwambia nauza?" Mzee Orville akauliza.

"Baba, si ulikuwa unausikia msumeno?"

"Nilidhani unasafisha. Ardhi yangu. Sitii sahihi."

"Basi nitakwenda peke yangu."

Mzee akatazama bakuli la supu. "Na mimi nani atanilisha, mwanangu?"

Laiti angetukana. Matusi yake aliyazoea, angeyaruka akaenda zake. Lakini mzee aliuliza kwa hofu, na macho yalikuwa ya Merle. Arvella akachota supu, akaipuliza, akamtia kinywani. Akachota tena.

Kesho yake alikata miti iliyosimama kati ya jikoni na barabara kuu, hiyo tu, kisha akaweka msumeno chini. Dwight alipokuja kuchukua nguzo akashangaa.

"Mbona umeacha, shemeji? Si ulitaka kuimaliza?"

"Ya nini? Siendi popote."

"Basi visiki vipake dawa leoleo. Mti huu ukiukata tu, unachipua upya."

Akavipaka. Vingine vikafa, vingine, masika ilipofika, vikatoa machipukizi yenye miiba laini, naye akayakata kwa panga. Kila jioni, akiosha vyombo, alisimama akitazama kwenye lile pengo magari yakienda Wichita, mpaka mzee alipoita kutoka chumbani kwamba ana kiu.