Tanuru la Mihayo na Kigae cha Moto

Mihayo Bundala alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, Bariadi, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao na kiwanda kikafungwa. Soko huria, walisema. Huria kwa nani? Mikono iliyozoea kuyeyusha madini ya beringi za mashine ikabaki kupalilia mahindi.

Lakini jambo moja halikumtoka moyoni. Yale madini meupe ya beringi, yakiyeyuka kisha yakapoa polepole sana, huotesha ndani yake fuwele: vijiwe vya pembe nne, nyuso laini kama kioo. Ukimwaga uji uliobaki kabla haujaganda, vijiwe hubaki vyenyewe. Yakipoa haraka, umepata bonge tupu. Daktari Novatus, mtafiti wa chuo kikuu, aliviona vidogo alivyootesha Mihayo, akasema, "Mzee, nipatie kimoja kizima, kikubwa kama punje ya mahindi. Ijumaa napita. Nikikionyesha chuoni, watakubali nikuchukue utunze tanuru letu."

Mihayo akajenga tanuru la matofali nyuma ya nyumba, akatia beringi zake za mwisho kwenye chungu cha chuma. Usiku na mchana akawa anapunguza makaa kidogo kidogo. Alfajiri ya Ijumaa usingizi ukamshinda. Usingizi hauna adabu.

"Wangaluka, mayu," jirani yao Ernestina alibisha hodi, akimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma. Mvua ilikuwa imezima jiko lake, na binti yake amejifungua. "Naomba moto."

Moto haunyimwi mtu, sembuse mzazi. Milembe, mke wa Mihayo, aliona jikoni kwake majivu matupu. Akafungua tanuru, akajaza kigae makaa, akaongozana na Ernestina kumpelekea mzazi. Mlango wa tanuru aliuacha wazi.

Mihayo alipoamka, upepo wa mvua ulikuwa umeshamaliza kazi. Chunguni mlikuwa na bonge la kijivu.

"Nilidhani makaa ni makaa," Milembe alisema.

Mihayo hakuwahi kumweleza lolote. Mambo ya madini, aliona, hayamhusu mwanamke. Sasa kiburi kile kilimuuma kuliko bonge lenyewe.

Daktari Novatus alifika, akaligeuza bonge mkononi, akasema pole, akaondoka. Hakupita tena.

Jioni Ernestina alirudi na kigae kile, akaomba moto tena. Chini ya majivu ya tanuru yalikuwa yamebaki makaa machache.

"Chukua yote, mayu," Mihayo akamwambia. "Hapa hayana kazi."