Koti la Kompyuta ya Mama Mkwe

Fundi Skrubu alipanda ngazi za nyumba ya mama mkwe wake akiwa na uchovu wa kutosha ukoo mzima, na bado ungebaki wa kumwazima jirani. Kivuli chake kilikuwa kimeshamtangulia, kikafika juu, kikakaa chini kumsubiri. Ngazi zenyewe hazikuwa nyingi, lakini siku hiyo ungeapa kuna mtu anaziongeza kwa juu kila Skrubu anapomaliza moja huku chini.

Sababu ya uchovu huo mtaa mzima uliijua. Mke wake hakuwa nyumbani. Hawakugombana, wala hakuna aliyemnunia mwenzake. Mama mkwe alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na maua ya magauni yale yalitiwa na mashine kubwa ya kutarizi iliyojaa nusu ya chumba. Mashine hiyo ilikuwa na maringo: haikusogeza hata sindano mpaka iambiwe na kompyuta, tena kompyuta ileile, ya mezani, kuukuu, iliyotengenezwa enzi ambazo milima bado inagombania nani akae wapi. Ukiiletea kompyuta mpya inageuka kiziwi. Basi kompyuta ilipoanza kuugua, mashine ikawa meza tu, na mama akamwita binti yake aje amshike mkono. Binti akachukua sindano na uzi, akamwambia mumewe, "Baba watoto, nitarudi mashine ikipona."

Tangu hapo Skrubu ndiye aliyekuwa baba, ndiye mama, ndiye jiko. Alipika wali ukaungua hadi sufuria ikafikiria kuhama. Watoto walienda shule wamevaa sare kinyume, na mwalimu hakusema kitu kwa sababu alimwona baba yao langoni akamhurumia. Dukani kwake alifungua kompyuta za watu huku amelala macho wazi, na mteja mmoja alirudishiwa yake ikiwa na kijiko cha chai ndani. Kwa hiyo kuitengeneza kompyuta ya mama mkwe hakukuwa kazi kama kazi nyingine. Ikipona, anapata mke. Isipopona, hana.

"Hodi, mama."

"Karibu, mkwe wangu. Pita, baba. Mbona umekonda hivyo? Umekuwa kama tepu ya kupimia."

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa wako yule pale."

Katika chumba kile hakuna kitu kilichokuwa uchi. Mama mkwe alipopumzika kushona alifuma, na kila alichofuma alikivika kitu. Redio ilivaa sketi. Chupa ya chai ilivaa kofia yenye kishada. Miguu ya meza ilikuwa na soksi, na wenye ulimi mrefu walisema kwamba paka wa nyumba ile alihama kwa kuogopa kupimwa. Kompyuta nayo ilikuwa na koti la sufu zito, lenye kola na vifungo, limeshika mwili barabara, na mbele limeachiwa kitundu kimoja cha kuwashia, kama kitovu.

Skrubu alilijua lile koti. Walikutana mwaka uliopita, alipokuja kubadilisha diski iliyokufa. Siku ileile alielewa kila kitu: feni inavuta hewa kwenye matundu, matundu yamezibwa na sufu, na diski inaivia ndani kama kiazi. Lakini mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba koti lake linaua? Yeye alikuwa mkwe wa aina ya kuomba radhi kabla ya kupiga chafya. Akaweka diski mpya, akanywa chai, akaivika kompyuta koti lake kwa mikono yake mwenyewe, akafunga kifungo baada ya kifungo. Mama akauliza, "Limeikaa?" Naye, Mungu amsamehe, akajibu, "Limeikaa sana, mama."

Sasa diski ile nayo ilikuwa mahututi. Alilivua koti, akaegemeza sikio: ka, ka, ka, kisha kimya, kisha ka.

"Unasikia?" mama mkwe akasema kwa huzuni. "Hivyo ndivyo inavyofanya. Ngoja nikaweke chai." Akalibeba koti kwapani, akaenda nalo jikoni.

Mkewe alikuwa amekaa mkekani, gauni jeupe limemfunika hadi kiunoni. Vidole vyake vilikuwa na plasta karibu vyote. Hakuinuka. Alimtazama mumewe kama mtu anayetazama basi la mwisho, hajui kama litasimama.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakuulizia."

"Na mimi najiulizia." Akapunguza sauti. "Leo utamwambia?"

"Mwambie wewe. Mama ni wako."

"Nimwambie mimi? Nilipomwambia sketi ya redio inameza sauti, hakusema nami wiki nzima. Wewe ndiye fundi. Na mwaka jana ulimwambia limeikaa."

"Mke wangu..."

"Sikia, baba watoto. Ukiifunika tena, hii diski mpya uliyokuja nayo itakufa, na mimi nitarudi hapa hapa mkekani. Vidole vyenyewe ndiyo hivi, sina vingine. Chagua."

Skrubu hakuwa na nguvu za kuchagua hata upande wa kugeuka. Akapiga magoti, akafungua skrubu za ubavuni, akavuta bati. Mavumbi na nyuzi za sufu vilitoka kwa wingi wa kujazia godoro. Aliigusa diski akarudisha mkono haraka; ungeweza kuipigia pasi gauni. Akaiacha ipoe, akaiweka ile mpya kando yake, akaziunganisha zote mbili kwa nyaya, akachomeka flashi yenye programu ya kunakili. Ilibidi kila kitu kihamie upande wa pili kama kilivyo, maana programu ya kutarizi ilikuwa ya zamani mno, na aliyeiuza alishafunga duka na kusahau kwamba aliwahi kuwa na duka.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulitambaa kama kobe anayekwenda kudaiwa. Ulipofika katikati ukasimama. Diski kuukuu ikapiga ka moja kubwa, ikanyamaza.

Mkewe akaacha sindano hewani. "Imekufa?"

"Imezimia."

Akazima. Wakasubiri. Skrubu akainamisha kichwa juu ya bati na kusinzia kidogo, akaota anapanda ngazi, akaamka amechoka zaidi. Mkewe alijivuta hadi karibu, akachukua kipande cha boksi, akawa anaipepea diski kama mtoto mwenye homa. Mkono ukichoka anabadilisha, na ule mwingine nao tayari umechoka. Wakawasha tena, kunakili kukaanzia pale kulipokatikia. Ikazimia tena. Wakapepea tena. Chai ililetwa, ikapoa, ikanywewa baridi. Kila mtu alikuwa anavuta ule mstari kwa macho.

Hatimaye ukafika mwisho. Vipande vichache havikusomeka, kioo kikasema hivyo na kuomba radhi. Skrubu akaichomoa diski mbovu, akaifunga mpya mahali pake, akawasha. Programu ikafunguka. Mama mkwe akakimbilia mashine, akatega kitambaa, akabonyeza. Ile mashine ikanguruma ikaanza kutia ua la waridi, tena kwa kasi ya mtu aliyenyimwa kusema mwezi mzima.

"Asante, Mungu wangu! Mbona ua hili limekosa jani moja?"

"Limebaki kwenye diski ya zamani, mama."

"Haidhuru. Bibi harusi hatahesabu majani." Akapotelea jikoni, akarudi anatabasamu, amelinyoosha koti mbele yake kwa mikono miwili. "Haya, mvike. Juzi nililitia bitana. Maskini, nilimsikia anagongesha meno kwa baridi, ka, ka, ka. Nikasema hapana, huyu anahitaji kitu kizito."

Koti likawa mikononi mwa Skrubu. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Alimtazama mkewe, na mkewe akashusha macho kwenye gauni, akaitafuta sindano yake taratibu, bila kulalamika, kama mtu aliyekwisha jua jibu. Kule kushusha macho ndiko kulikomvunja fundi. Lau angelalamika, pengine angeivika.

Lakini kumgeukia mama mkwe usoni, shingo ilikataa. Akaigeukia kompyuta.

"Wewe kompyuta," akasema, sauti ikimtoka kwa kukwama kama maji ya bomba lenye kutu, "mwambie mama ukweli. Mwambie hukuwa unasikia baridi. Ulikuwa unaungua. Mwambie hili koti limekuziba pumzi."

Mashine ya kutarizi ikamaliza ua, ikatulia. Mama mkwe akaitazama kompyuta, akamtazama Skrubu, akairudia kompyuta.

"Kompyuta," akasema polepole, "muulize huyo fundi wako, hilo kalijua lini?"

"Kompyuta, mwambie mama... tangu mwaka jana."

"Mwaka jana? Aliponifungia vifungo mwenyewe na kusema limeikaa?"

"Mwambie ndiyo."

"Muulize basi alinyamazia nini."

"Mwambie ni heshima."

"Heshima!" Mama akapiga makofi mara moja. "Binti yangu vidole vimetoboka kama kichungi cha chai, kwa heshima! Diski zimekufa mbili, kwa heshima! Kompyuta, mwambie heshima hiyo akaimwage chooni na amwagie maji ndoo nzima!"

Mkewe alicheka hadi akajifunika uso kwa gauni, na kicheko kikaishia kwenye mwayo mrefu ambao karibu uwameze wote.

Mama mkwe akaketi. Akalichukua koti, akaliweka mapajani, akalipapasa bitana. Sasa ndipo ilipoonekana kwamba naye alikuwa mtu mzima aliyeshona siku nyingi bila kupumzika.

"Nilidhani inatetemeka," akasema. "Ningeiacha tu?"

"Nilikosea mimi, mama." Mara hii Skrubu alisema naye uso kwa uso, na paa halikuanguka. "Ningesema mapema."

"Ungesema, ningenuna."

"Najua."

"Ningenuna sana. Kisha ningeacha." Akalikunja koti, akalisukuma chini ya kiti. "Mchukue mke wako, mkwe. Magauni yaliyobaki tutayamaliza mimi na hili zee la mashine. Na kuanzia leo, ukiwa na neno, niambie mimi, uache kulisumbua bati."

Mke wa fundi alichukua muda kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Skrubu alimshika kiwiko, kwa kuwa vidole havikushikika, akautundika mfuko wake wa nguo begani. Wakaanza kushuka, yeye hatua moja mbele, mkewe amemwegemea.

Walipofika kwenye kona ya ngazi, juu yao mashine iliwaka tena. Wote wawili wakasimama bila kuambiana, wakatega sikio kusubiri ikatike. Ilinguruma ua zima, ikapumzika, ikaanza jingine.

"Twende," mkewe akasema. "Taratibu."

Wakaendelea kushuka.