Kiti Alichokikataa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika hospitali ya Kasongo, enzi za Wabelgiji, Daktari Mkuu hakunipa hata bandeji ya kukunja. Alinisimamisha mlangoni, wagonjwa walipokuwa wakingojea, akauliza sababu ya mmoja wao kutokaa, "Ule mutu anasimama juu ya nini? Benchi si iko wazi?"

Nilijibu kwamba labda ni heshima. Alicheka mpaka akakohoa. Yule mtu alikuwa na jipu kando ya njia ya haja kubwa, na aibu ilimfunga mdomo.

Namshukuru daktari yule mpaka leo. Alinifundisha kwamba uvimbe mgumu, wa moto, wenye kuuma ukiguswa, pamoja na homa, ni usaha uliojificha. Usingoje upasuke wenyewe. Pasua, utoke wote, kisha mgonjwa akalie beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi kila atokapo chooni.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja ya Kabambare, kwao mke wangu. Baba yake akaja kutusalimu. Mke wangu alimtolea kiti chetu kizuri. Mzee akakikataa, akaegemea ukuta. Kwetu, kukataa kiti cha mkwe ni kusema una neno naye. Mke wangu alikimbilia jikoni akilia. Mimi niliona jasho usoni pa mzee.

"Baba, unaumwa wapi?"

"Mugongo tu."

"Mugongo haukatazi mutu kukaa."

Mkwe haoni uchi wa baba mkwe wake, na mzee yule angekubali kufa kwanza. Homa ilikuwa ikimtetemesha, na daktari alikuwa mbali, Kasongo. Niliogopa sana. Nikampeleka zahanati, nikamwonyesha shuka ya upasuaji, ile yenye tundu katikati.

"Mufagiaji wetu, muzee kama weye, atakufunika yote. Mimi nitaona jipu tu."

Aliitazama. "Tundu iko kubwa. Punguza."

Nikaikunja mpaka akaridhika. Nilipoingia alikuwa amefunikwa, uso ukutani. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikapasua, usaha ukajaa bakuli. Mzee akashusha pumzi, akamwambia mfagiaji, "Ambia muganga aksanti. Lakini mukwe wangu asijue."

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini. Huwaonyesha kiti kile, bado ninacho. Mzee alipopona alirudi kwetu. Alikikalia polepole, akajaribu upande mmoja, kisha wa pili, akamwita binti yake: "Leta bugali."