Mawe ya Nyumba ya Mwalimu

Kwa miaka mingi nyumba ile ya mwalimu, pale shuleni, ilikuwa gofu tu. Kila mwalimu mgeni aliyepangiwa kukaa humo alisikia popo darini, akaona paa linavyovuja, akatoka mbio na begi lake. Ndipo mwalimu mkuu mmoja akajitia wema, akampa mfagiaji wa shule, mwanamke aliyegonga kengele asubuhi na jioni mpaka watu wakamwita Bi Kengele. Wema gani huo, kumpa mwenzio ulichokikataa? Lakini Bi Kengele hakuwa na mume, mtoto wala pengine pa kulaza ubavu. Alifukuza popo kwa moshi, akaziba paa kwa mabati ya kuokoteza, akakandika kuta kwa mikono yake. Akazeekea humo.

Leo eti nyumba ina thamani! Watu wa mambo ya kale walishuka garini wakaanza kupapasa kuta kama wanunuzi wa ng'ombe. Mkubwa wao, bwana wa miwani, alisimama mbele ya ufa mrefu wa sebuleni, akatikisa kichwa kwa mahaba, akasema ufa huo unasimulia historia. Bi Kengele akasonya. Ufa huo ulimpulizia baridi kila msimu wa mvua, na hakuna aliyekuja kuusikiliza.

Bwana Miwani akatoa hukumu. Mabati yanaharibu sura ya jengo, yatang'olewa. Jiko la uani litavunjwa, kwa kuwa mwalimu wa kwanza kukaa humo hakuwa nalo. Na mwenye jiko je? Hapo mwenyekiti wa kijiji, mtoto wa kaka yake Bi Kengele, akamvuta pembeni. Nyumba ikishapata cheti cha urithi, alimweleza, hatakaa mtu humo ila mlinzi, na kazi hiyo amemwombea yeye, chumba cha nyuma kiwe chake hadi kufa. Ila lazima atoe ushuhuda. Yeye ndiye mwanafunzi pekee wa mwalimu yule wa kwanza aliyebaki hai, basi aeleze jinsi mzee alivyowaletea nuru ya elimu. Akikataa, atafute pa kwenda.

"Shangazi, sema mazuri tu," akamsihi. "Marehemu hasemwi vibaya."

Hasemwi vibaya, sawa. Lakini huyu walishamvika kilemba cha ukoka kikubwa hata angefufuka asingejijua.

Wakamkalisha kitini, naye akasema yaliyokuwa. Mwalimu alikuja na boksi moja la chaki. Siku ya kwanza aliandika herufi moja ubaoni, jioni akaitazama nyumba aliyopewa, akakunja pua, akataka ya mawe. Tangu kesho yake darasa likawa mtoni. Watoto wa wakubwa walibaki ndani wakisoma. Wengine kila mtoto mawe matano kabla ya adhuhuri, na anayechelewa fimbo. Jiwe la kona, pale mlangoni, lilimponda yeye kidole cha mguu, na mwalimu akamwambia asilichafue kwa damu. Miaka mitatu hivyo. Paa lilipoezekwa, baba yake akasema miaka mitatu ya shule yamtosha mtoto wa kike.

Bwana Miwani aliandika huku uso ukimng'aa, kisha akawasomea: wanafunzi, kwa moyo wa kujitolea na mapenzi kwa mwalimu wao, walishiriki ujenzi huku wakivuna elimu iliyobadili maisha yao. Mwenyekiti akapiga makofi. Bi Kengele akauliza ni nani huyo aliyejitolea. Akajibiwa kwa upole, kama mtoto mdogo, kwamba lugha ya maandishi ina taratibu zake. Akapewa kalamu.

Hakuipokea. Mwenyekiti, mtu mwepesi, akamsogezea kidude cha wino wa mihuri achovye kidole, maana alimjua shangazi yake.

Bi Kengele aliutazama wino. Aliogopa, tusidanganyane. Mvua zilikuwa karibu na miaka imemwendea. Kidole kimoja tu, na chumba ni chake.

"Miaka mitatu nilikuwa mwanafunzi wake," akasema, "na mwanangu ananiletea wino wa kidole. Andikeni hilo. Ndiyo elimu aliyoniachia."

Bwana Miwani akasema hilo haliandikiki.

"Basi na mimi sina kidole."

Akahama wiki ile ile, sufuria zake kichwani. Alipokewa na binti aliyerithi ufagio wake shuleni, chumba kimoja, vitanda viwili, na mwenyekiti akawa anakwepa njia ya kule.

Cheti kilipatikana, kwani kingekosaje? Siku ya sherehe alisimama mwanafunzi mwingine wa marehemu, baba mkwe wa mwenyekiti, mzee aliyehamia kijijini mwalimu akiwa tayari kaburini. Alilia kidogo, akasifu nuru ya elimu, akainama mezani akatia sahihi mbele ya wageni wote. Ilikuwa sahihi nzuri sana. Alisomea shule nyingine.