Mkalimani wa Mke wa Mwanangu

Mimi nimezaa saba na wote wako hai. Wajukuu ndio usiniambie nikutajie, nitaomba maji katikati. Kwa hiyo mke wa mwanangu wa mwisho alipofiwa na kitoto chake cha siku nne, nilijiona ndiye mjuzi. Nikamwambia, "Wewe bado msichana, utazaa tena. Amka uchambue maharage."

Akaamka, akachambua. Lakini miezi mitano baadaye alikuwa haogi mpaka asukumwe, chakula anakitazama tu. Mganga wa zahanati yetu hapa Kibingo akatuandikia barua ya kwenda hospitali, kwa mwanasaikolojia.

Tukamkuta binti wa pwani, kajifunga ushungi, Kiswahili kinamtiririka. Hana sindano, hana kidonge. Nikasema moyoni, tumepanda basi kuja kupiga soga?

Mke wa mwanangu ametoka ng'ambo ya mpaka wa Murongo, Uganda. Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza. Kwa Kinyankole chao na Kinyambo chetu tunaelewana, basi mimi nikawa mkalimani.

"Shikamoo bibi," yule daktari akaniamkia. "Mwambie aweke mkono pale anapohisi uzito."

Nikamwambia. Akauweka kifuani, akaanza kusema. Tangu aolewe kwangu sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Mtoto wangu walimzika mimi nikiwa hoi kitandani. Mama huyu hajanionyesha walipomweka. Nikiuliza, ananituma maji. Napita migombani naogopa nitamkanyaga."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema kichwa kinamuuma na halali."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu unaopokea komunyo. Nimevaa kitenge changu kipya, sikutaka mgeni ajue ya nyumbani kwangu.

Daktari akamfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kila jioni kabla ya kulala. Nyumbani akawa anafanya. Anakaa kwenye mkeka, mkono tumboni, anavuta, anatoa, kwa utii kabisa. Nami namenya ndizi namtazama akijitibu ugonjwa niliomtungia mimi. Siku ya kumi hivi akaacha. Akaniuliza, "Mama, yule daktari hakunisikia?"

Nikasema maji yameisha kwenye mtungi. Nikaenda kuchota mwenyewe.

Tuliporudi hospitali, daktari aliniamkia, kisha akasema taratibu, "Bibi, safari ile aliongea sana, ukaniletea kidogo."

Ningeweza kukataa. Nilitazama zile sandali zake za plastiki, nikatapika yote: aliyoyasema, na niliyoyasema mimi. Nilingoja anikaripie. Nilitaka anikaripie. Yeye akamgeukia mgonjwa wake.

"Mwambie nimesikia sasa. Mwambie huzuni yake si uvivu wala si kichaa, ni mama anayemtafuta mtoto wake. Muulize anataka nini."

Nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Mama anionyeshe."

Nikatafsiri. Daktari akanitazama mimi, nikajua zamu ni yangu. Nikaanza kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiswahili ilikuwa rahisi: ni kwenye migomba ya nyuma, karibu na shimo la mbolea. Udongo ulikuwa laini, msimu ukafika, nikapanda maharage pale.

"Mwambie yeye," daktari akasema.

Nikamwambia kwa lugha yetu, macho yakiwa sakafuni. Akauliza, "Tumeyala?"

"Bado. Yana maua."

Jioni ile nilimpeleka. Alipiga magoti akayang'oa, mche mmoja mmoja, analia kwa sauti ambayo majirani waliisikia na mimi nikaiacha isikike. Niliinama nimsaidie, akausogeza mkono wangu pembeni. Daktari alikuwa ameniagiza nikae karibu na nisiseme neno. Nikakaa kwenye majani makavu ya migomba, sikusema.

Bado tunakwenda kwa daktari. Siku hizi mkalimani ni nesi mmoja wa pale hospitali, mimi naketi nje kwenye benchi.