Nyama ya Bonde la Kaskazini

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa Stockholm kwa mafunzo, katika maabara iliyopima mionzi kwenye vyakula na miilini mwa wanaovila. Miaka iliyotangulia mabomu ya nyuklia yalikuwa yamejaribiwa kwenye visiwa vya mbali vya Aktiki. Milipuko ya angani huko ilikuwa imekoma, lakini upepo ulikuwa umeshaleta vumbi lake hadi bonde moja la mto kaskazini mwa Uswidi. Likanyonywa na mimea midogo ya kijivu inayotambaa juu ya mawe. Kulungu wanaofugwa huko wakala mimea, watu wakala kulungu.

Siku moja akaja mama mfugaji kutoka bonde hilo, apimwe mwili. Nilimlaza kwenye chumba cha kuta za chuma, nikamwomba atulie tuli. Alipotoka akaniuliza:

"Kwenu mnafuga?"

"Ng'ombe. Baba yangu ana zizi kubwa."

"Akiambiwa aache nyama na maziwa?"

"Atacheka kwanza. Kisha usingizi utampaa."

"Basi tunaelewana," akasema.

Mionzi yake ilizidi yetu sisi wa mjini, ila haikuwa ya kutisha. Mkubwa wangu alimshauri apunguze nyama ya kipindi cha baridi, maana ndipo kulungu hula ile mimea tu. Mama aliitikia kwa kichwa, akavaa koti lake taratibu. Treni yake ilikuwa ya kesho yake, na nilimwona mpweke, nikamkaribisha kwetu Tensta, kitongoji cha Stockholm.

Mume wangu, Mkenya asiyeishiwa na mzaha, alikuwa amesonga ugali wa semolina, kwani unga wa mahindi haukupatikana. Mgeni akatoa mkobani nyama ya kulungu iliyokaushwa, akaiweka mezani. Mume wangu akanigeukia kwa Kiswahili:

"Haya, mtaalamu. Tule, tusile?"

"Tule. Kidogo hiki hakitudhuru. Wa kujihadhari ni yeye anayeila kila siku."

Mgeni akataka kujua tunasema nini. Nikamtafsiria yote kwa Kiswidi, bila kuficha neno.

"Ni kweli," akasema. "Basi kuleni sana, mnipunguzie!"

Tulicheka mpaka mume wangu akapaliwa. Nyama ilikuwa na chumvi na harufu ya moshi, ikashuka vizuri na ugali.

Tangu hapo kila alipokuja kupimwa alifikia kwetu. Mionzi yake ilishuka mwaka hadi mwaka, polepole mno, nami nikawa namsomea majibu jikoni huku chai ikichemka.