Mkanda wa Miaka Thelathini

Krrr, krrr, halafu tak! Redio ya kwaya ilikuwa imemeza kaseti, ikatafuna ubeti mzima alioimba mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, na sauti yake imebaki kwenye kaseti hiyo moja tu. Niliurudisha utepe ndani kwa peni, polepole, nikilia na kujicheka.

Kaseti za kwaya zilikaa kwa Kogo, nyanya yangu, darini juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu. Kwetu kitu cha kudumu huwekwa penye moshi. Mahindi yalipona wadudu, kaseti zikapata masizi.

Ndipo mwalimu wa kwaya akaleta mtu wa kompyuta. Alikuwa amepita matope yote ya Silibwet na viatu vyake vilikuwa safi. Hapo tu nikaanza kumshuku.

Akatoa kitu cheusi, kama kipande cha sabuni. "Huu ni mkanda wa kidijitali, aina mpya. Unabeba kaseti zenu zote. Miaka thelathini hauharibiki, na bei yake ni ya chini."

"Panya hawezi kuula?" Kogo akauliza.

"Hawezi, shosho."

"Hebu tusikie wimbo mmoja," nikasema.

"Dada, hii si redio. Inataka mashine yake, na mashine ni bei ya gari. Iko Nairobi."

"Na ikizeeka?"

"Zinatoka mpya."

"Hizo mpya zitasoma huu wa leo?"

"Kwa muda. Baadaye mnalipa kidogo, tunahamishia mkanda mwingine."

"Kumbe mkanda unaishi, mashine inakufa! Sasa hiyo miaka thelathini ni ya nini?"

Akamgeukia mwalimu. "Huyu amesoma mpaka kidato gani?"

"Cha pili," nikajibu mwenyewe. "Na bado nangoja jibu."

Kogo alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini mwalimu alikubali boksi la kaseti lichukuliwe kesho yake; masizi hayangoji, alisema. Kweli, na mimi nilishawaona akilini watoto wangu wa baadaye wakimsikiliza mama yangu, nyanya yao. Ila yule mtu aliinua kaseti ya mama akauliza, "Upande wa pili ni tupu?" Mbona aulize? Kaseti mbili zilishatupotea hivyo, mtu akarekodi matangazo ya mpira juu ya kwaya.

Asubuhi, kabla ya kwenda kuchuna chai, nilichukua kisu cha jikoni. Nikavunja vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti ya mama, ambavyo vikitoka hakuna redio inayoweza kurekodi juu yake. Nikaipuliza vumbi, nikairudisha kwenye boksi.